Rejeta ya Pili

Wiki ya tatu hii Bi Sikudhani anatembea na dumu
la lita tano, lililokuwa la alizeti, sasa la maji ya bomba,
kalifunga mkanda kiti cha nyuma kama mtoto.
Katoka Kinyerezi, kafika Segerea, kashuka kanywesha.
Segerea mpaka Tabata, kashuka kanywesha.
"Fundi, gari hii ina kiu ya mgonjwa wa sukari,
na chini haiachi hata tone."

Fundi wa kwanza alimwambia gasketi ya hedi,
akataja bei huku akiutazama mkoba.
Wa pili alimbadilishia mfuniko wa rejeta.
Wa tatu aling'oa themostati akaitupa mtaroni:
"Huku kwetu joto, mama, ya nini hii?"
Mimi ni wa nne. Wa nne hurithi makosa ya watatu
na hana wa kumsingizia.

Spana niliziacha zilale. Nilichukua kipande cha boksi
nikakitandika chini ya injini usiku kucha.
Asubuhi kikavu. Kina nyayo za paka tu.
Nikachomoa kijiti cha oili: nyeusi tii,
haijawa chai ya maziwa.
Mchopa akapiga starta, nikakinga kiganja ekzosi:
moshi mkavu, hauna utamu.
Basi hedi ni nzima. Nikashusha pumzi kwa niaba ya mkoba.

Wotapampu nikaipapasa chini ya tumbo, kwenye kale katundu
kanakotoa machozi ikizeeka. Vumbi tupu.
Hozi ya juu, hozi ya chini, nikazibinyabinya
kama mchagua maparachichi.
Kwenye klipu sikuona ule unga wa kijani
ambao kulanti huuacha ikikauka,
kama chumvi ya jasho kwenye kola.

Nikafunga pampu ya presha mdomoni mwa rejeta,
nikasukuma. Mshale ukapanda, ukatulia,
halafu ukaanza kushuka, polepole,
mithili ya mtu anayeondoka msibani bila kuaga.
Tukazima redio. Tukamwomba muuza kahawa
asigonge vikombe.
Kimya.
Maji yanakwenda, na hayaendi popote.

Aliyejua ni Shukurani, darasa la tatu,
amekaa juu ya tairi, midomo myekundu kwa ubuyu.
"Soksi zangu huwa zinalowa," akasema.
"Nilisema. Mama akasema maji ya kiyoyozi."

Nikapiga goti mlango wa kushoto.
Kapeti zito, kama godoro lililosahauliwa mvuani.
Nikanusa: utamu wa uongo, sharubati isiyonyweka.
Na kioo cha mbele, kwa ndani, kina ukungu wa mafuta
ambao Bi Sikudhani amekuwa akiufuta kwa kanga
akilaumu pumzi za abiria wake.

Nyuma ya dashibodi, gizani, inaishi rejeta ya pili,
ndogo, unene wa daftari.
Waliiweka Wajapani kwa ajili ya theluji,
ili mtu fulani, asubuhi fulani, apate kuhisi vidole vyake.
Kisha meli, kisha bandari, kisha Februari ya Tabata,
na maji ya moto yakaendelea kuizunguka miaka tisa
yakipeleka joto ambalo hakuna aliyeliomba,
mpaka siku ikachoka, ikapasuka kijinywele.

Nikazichomoa hozi zake mbili,
nikazikutanisha zenyewe kwa zenyewe
kwa kipande cha bomba la shaba na klipu mbili.
Themostati nikamrudishia ya mtumba,
maana injini, hata ya Dar, ina joto lake inalolitaka.
Presha tena. Mshale ukapanda, ukakaa.
Tukanywa kahawa vikombe viwili viwili. Umekaa.
Elfu arobaini, kulanti ndani yake.
Mchopa aliguna; angesema laki.

Dumu alilisahau kwetu.
Tunanawia mikono.